Nimepata sapu ya modeli ya data, na mfumo niliomtengenezea mama umemwaibisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dar es Salaam, nasoma kompyuta za biashara. Nyumbani ni Morogoro. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na mama amenisomesha kwa duka lake la vifaa vya ujenzi lililo karibu na Msamvu. Ada nalipiwa na Bodi ya Mikopo, ila bumu, yaani pesa ya kujikimu, likichelewa yeye ndiye anayenitumia ya kula.

Matokeo ya muhula wa pili yametoka wiki iliyopita. Masomo yote nimepita, hata takwimu na uhasibu, isipokuwa modeli za data za biashara, yaani somo la kupanga taarifa za biashara kwenye majedwali. Nimepata sapu, yaani mtihani wa marudio. Kazi ya kikundi tulipata 17 kati ya 20, kwa hiyo niliingia kwenye mtihani nikiwa na amani. Swali lenyewe lilikuwa kisa cha kurasa mbili kuhusu hospitali: wagonjwa, madaktari, wodi, dawa, bima. Unatakiwa uchore mchoro wa ER, yaani wa vitu na uhusiano wake, uugeuze kuwa majedwali, kisha uyafikishe ngazi ya tatu ya nomalaizesheni, yaani kuyapanga ili taarifa zisirudiwerudiwe. Shangazi, nilikaa dakika arobaini naangalia karatasi. Fasili zote nazijua. Naweza kukuandikia maana ya entiti (kitu tunachokiwekea taarifa), ya ufunguo mkuu (kinachotofautisha mstari mmoja na mwingine kwenye jedwali), na ngazi zote tatu bila kukosea neno. Ila nikiona kisa, sijui nianzie wapi. Mwishowe niliweka boksi la "Hospitali" katikati, nikaunganisha kila kitu nalo.

Rafiki zangu wanaosoma sayansi ya kompyuta wanasema sisi ni watu wa kuchora maboksi, na kwamba siku hizi akili mnemba inayachora kwa sekunde tatu. Mjomba naye anasema tangu mwanzo alinishauri nisome uhasibu, nikakaidi.

Kilichoniumiza zaidi ni cha nyumbani. Likizo ya Desemba nilimtengenezea mama mfumo wa madeni kwenye Excel. Karatasi moja ilikuwa na tarehe, jina la mteja, bidhaa, idadi, bei, alicholipa na kilichobaki. Karatasi ya pili ilikuwa ya bei za bidhaa, na ile ya kwanza ilikuwa inachukua bei kutoka huko yenyewe. Mama alifurahi sana, akawaonyesha hadi majirani.

Februari saruji ikapanda kutoka 16,000 hadi 17,500. Mama akabadilisha bei, na madeni yote ya Desemba nayo yakapanda. Fundi Juma aliyechukua mifuko 20 akaambiwa anadaiwa 30,000 zaidi, wakagombana mbele ya wateja. Halafu kumbe kuna Fundi Juma wawili, wa Kihonda na wa Mazimbu, na madeni yao yalikuwa yamechanganyika. La mwisho ni Mama Asha. Mume wake alimlipia deni lote kwa M-Pesa, ujumbe ukaja na jina la mume, mama akaliandika kama mteja mpya. Wiki mbili baadaye akamdai Mama Asha tena, mbele za watu. Yule mama alilia.

Mama amerudi kwenye daftari lake. Hakunigombeza, alisema tu: "Mwanangu, daftari halijawahi kuniaibisha." Maneno hayo siyasahau.

Naomba unishauri. Nihame niende uhasibu kama mjomba anavyotaka? Au hili somo lina watu wake na mimi siyo mmoja wao? Na mama nimwambieje kuhusu sapu, maana anajua nimefaulu?

Msichana wa Moro

*

Marahaba mwanangu.

Pole kwa sapu, na pole zaidi kwa hilo la Mama Asha. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikachukua kalamu nikaanza kuichorea, maana uliponiandikia habari za duka uliandika kisa kizuri kuliko vingi nilivyowahi kuviona kwenye mitihani. Makosa matatu uliyoyataja ndiyo somo lenyewe. Umeyaeleza kwa ufasaha, na hukugundua kwamba unaeleza somo ulilofeli. Ndiyo maana nakuambia usihame. Angalau usihame kwa sababu hii.

Tuanze na saruji. Wewe ulifundishwa kwamba taarifa moja ikae mahali pamoja, isirudiwerudiwe, ukaona bei ni ya bidhaa, ukaiweka kwenye karatasi ya bidhaa. Bei ya leo kweli ni sifa ya bidhaa. Lakini bei aliyouziwa Fundi Juma siku ile ya Desemba siyo sifa ya saruji, ni sifa ya mauzo yale. Yalishapita, hayabadiliki hata saruji ifike elfu thelathini. Kwa hiyo zinatakiwa bei mbili: moja kwenye jedwali la bidhaa, inayobadilika, na nyingine kwenye mstari wa mauzo, inayoandikwa siku ya kuuza na kubaki hapo. Wanafunzi wengi wakiona bei mbili wanadhani ni marudio, wanafuta moja, wanakwambia wamefika ngazi ya tatu. Swali la kujiuliza ni moja: hii taarifa inamhusu nani? Ukilijibu sawasawa, nomalaizesheni inakuwa imefanyika hata kabla hujaitaja.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, mwombe mama risiti moja ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Iweke mezani uitazame. Juu kuna jina la duka, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya risiti, tarehe. Hayo yanatokea mara moja kwa kila risiti. Katikati kuna mistari: saruji mifuko mitano, misumari kilo mbili, bati kumi. Hiyo inaweza kuwa mmoja au ishirini. Hapo tayari una majedwali mawili, Mauzo na Mstari wa Mauzo, na la tatu la Bidhaa linasimama pembeni likitajwa na kila mstari. Karatasi yako ya kwanza ya Excel iliviringisha Mauzo na Mstari wa Mauzo pamoja, na bei ikawa inaichukua kwa Bidhaa, na ndiyo maana Bidhaa ilipoguswa, mauzo ya zamani yakaumia.

Fundi Juma wawili ni suala la ufunguo. Fasili ya ufunguo mkuu unaijua kwa moyo, lakini ulipokaa mbele ya mteja halisi ulitumia jina. Mama yako halijawahi kumpata tatizo hilo kwenye daftari kwa sababu ufunguo uko kichwani mwake: anaijua sauti, sura, pikipiki aliyokuja nayo. Siku daftari linapohamia kwenye mashine, ujuzi huo lazima uupe mahali pa kukaa, yaani namba ya mteja, pamoja na simu na mtaa wake ili mama aweze kumtambua. Hili somo linahusu hasa kutoa kilichomo kichwani mwa watu wa biashara na kukiandika ili mtu mwingine asiyewajua wateja asikosee.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye benki moja hapa nchini, na mfumo tulioukuta ulijengwa kwa akaunti. Jina na simu vilikaa ndani ya akaunti. Mtu mwenye akaunti ya mshahara, ya mkopo na ya akiba, kwa mfumo ule alikuwa watu watatu. Siku moja akaja tawini kijana mmoja, si mteja wetu, simu mkononi. Alikuwa amenunua laini mpya, na tangu ainunue anapokea meseji za salio la akiba la mzee asiyemfahamu. Yule mzee alishapoteza laini ile zamani, akabadilisha namba kwenye akaunti ya mshahara, akaondoka akijua amemaliza. Kwenye akiba namba ya zamani ilibaki, na mtandao ukamgawia mtu mwingine laini hiyo. Bahati yetu kijana alikuwa mwema. Kazi ya kumtenganisha Mteja na Akaunti ilituchukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunauliza maswali, hatuandiki programu. Huyu na huyu ni mmoja? Nani anathibitisha? Tangu 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika hapa Tanzania, mtu ana haki ya kuuliza taasisi ina taarifa gani zake na kutaka zirekebishwe. Taasisi isiyojua kwamba watu watatu kwenye mfumo wake ni mtu mmoja, itamjibu nini?

Sasa Mama Asha. Rudi usome ulivyoandika: "Mume wake alimlipia." Hukuandika "alilipa". Umezaliwa na lugha hii, ulimi wako ulijua jambo ambalo Excel yako haikulijua. Kulipa kuna mtu mmoja. Kulipia kuna watu wawili, anayetoa pesa na anayelipiwa. Basi jedwali la Malipo linahitaji nafasi mbili: pesa zimetoka kwa nani, na zinapunguza deni la nani. Mara nyingi watakuwa mtu yuleyule, lakini siku wasipokuwa yuleyule, mtu halii mbele za watu.

Hili halikuanza na mimi. Peter Chen, aliyechapisha modeli ya ER mwaka 1976, aliandika tena mwaka 1983 akionyesha jinsi sentensi za Kiingereza zinavyoweza kugeuzwa mchoro: nomino zinaelekea kuwa entiti, vitenzi vinaelekea kuwa uhusiano. Mimi naamini Kiswahili kinatusaidia hata zaidi, kwa sababu kitenzi chetu kinabeba watu wake mgongoni. Aliuza, aliuziwa, alimuuzia. Alikopa, alikopesha. Na kwenye biashara ya mama yako kuna kingine ambacho sina shaka kipo: kuchukulia. Fundi anamchukulia mwenye nyumba mifuko kumi. Deni la nani hapo? La fundi aliyekuja dukani, au la mwenye nyumba ambaye mama hajawahi kumwona? Hilo usilibuni mwenyewe. Mwenye jibu ni mama.

Kwa hiyo mtihani wa sapu uendee hivi. Kisa kisome kwanza bila kuchora chochote. Usomaji wa pili, shika penseli: nomino zizungushie, vitenzi vipigie mstari. Kila nomino iulize kama vitu vya aina hiyo ni zaidi ya kimoja, na kama kuna jambo tunataka kulijua juu yake. Hospitali yako ingeanguka hapo hapo. Hospitali ni moja tu, ndiyo mwenye mfumo, jedwali lake lingekuwa na mstari mmoja milele. Ndiyo maana ulipoiweka katikati kila kitu kikajifunga kwayo na ukashindwa kuendelea. Karibu kila anayeanza hulifanya kosa hilo.

Kisha vitenzi. Kila kimoja kitamke kwa kutenda na kwa kutendwa. Daktari mmoja huona wagonjwa wangapi? Wengi. Mgonjwa mmoja huonwa na madaktari wangapi? Wengi pia. Ukipata wengi pande zote mbili, jua kuna jedwali limejificha katikati, na kazi yako ni kulipa jina. Hapa ni Mahudhurio, lenye tarehe, daktari, mgonjwa, na alichobainika kuwa nacho. Ile dawa aliyoandikiwa haikai kwa mgonjwa wala kwa daktari, inategemea hudhurio lile. Ukishafika hapa, kabla hujaendelea, jaza kila jedwali mistari mitatu ya mfano. Weka majina ya kweli, weka wagonjwa wawili wenye jina moja, weka mgonjwa ambaye bima yake imelipia nusu. Jedwali bovu hujitangaza lenyewe likishawekewa watu ndani.

Fanya visa kumi namna hiyo kabla ya sapu, kila kimoja kwa dakika arobaini, kwa penseli na karatasi. Mitihani ya miaka iliyopita ipo, iombe maktaba au kwa waliokutangulia.

Nina neno moja gumu la kukuambia. Umeandika kwamba kazi ya kikundi mlipata 17, halafu peke yako ukakaa dakika arobaini huna pa kuanzia. Kuna mtu kwenye kikundi chenu alikuwa anachora, na hakuwa wewe. Sijui wewe ulifanya nini, labda ulichapa ripoti, labda ulipamba slaidi, na nina hakika uliifanya vizuri. Ila alama zile zilikuficha usijue hali yako mpaka mtihani ulipokufichua. Muhula ujao omba kalamu uwe wa kwanza kuchora, hata ukikosea mbele ya wenzako.

Rafiki zako wa sayansi ya kompyuta usigombane nao. Waambie tu kwamba misingi ya majedwali haya iliwekwa na mtu wa hisabati, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California. Makala yake ilitoka mwaka 1970. Alitaka anayetumia data asilazimike kujua zimepangwaje ndani ya mashine. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na programu nyingi wanazoandika wao kila siku bado zinahifadhi data kwenye majedwali ya aina hiyo. Kuhusu akili mnemba, nami naitumia, na kweli inachora haraka. Inachora ulichoiambia. Ungeipa kisa cha duka kama ulivyokielewa Desemba, ingekurudishia kosa lile lile likiwa limepangwa vizuri, maana habari za Fundi Juma wa Mazimbu haikuwa nazo, na wewe hukuwa umeziuliza.

Mjomba ana nusu ya haki. Uhasibu ni mzuri, na wewe umeupita. Mtu anayejua kwa nini deni na malipo ni vitu viwili tofauti, halafu akajua kuvichora vikakaa sawa kwenye kanzidata, anatafutwa: kwenye benki, bima, viwanda, SACCOS, kila mahali wanapofunga mifumo mikubwa ya kompyuta ya kuendesha biashara kama SAP au hata ile midogo kama Odoo. Tangazo la kazi halitaandika "mchora modeli". Litaandika mchambuzi wa mifumo, au mchambuzi wa biashara, na ukifika huko utakuta kazi ni hii hii. Kama baada ya visa kumi na baada ya duka la mama bado somo halikuingii na halikupi raha yoyote, niandikie tena, tuzungumze habari za kuhama. Hapo utakuwa unachagua. Sasa hivi ungekuwa unakimbia.

Imebaki habari ya mama. Mwambie leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Usimwandikie meseji, mpigie jioni akishafunga duka. Anza na sapu: nimefeli somo moja, nalirudia Septemba, mengine nimepita. Usiongeze sababu. Kisha mwambie lile la pili, ambalo naona ndilo linalokuuma kuliko sapu: kwamba ule mfumo ulikuwa na makosa, yalikuwa ya kwako wala si yake, na sasa unajua yalikuwa wapi. Mama aliyesema "daftari halijawahi kuniaibisha" bila kukugombeza ni mama wa kusikiliza. Na kama kuna namna ya kumfikia Mama Asha ukaenda mwenyewe kumwomba radhi, nenda. Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi.

Halafu mwombe akuruhusu ukae naye dukani siku nne za likizo hii, na kompyuta uiache nyumbani. Kaa na daftari lake. Usiliguse, soma tu. Utaona alama zake, mistari aliyokata, vijineno vya pembeni kama "kapunguza 10" au "wa kwa Mzee". Kila alama ulizia maana yake, uandike anavyosema kwa maneno yake. Wateja wakija, sikiliza. Mpaka siku ya nne utakuwa na sentensi kama sitini za duka, na hizo zipigie penseli kama nilivyokueleza. Mchoro utakaotoka nitumie niuone, kwa picha ya simu inatosha.

Na swali la kumwanzia mama nakupa mimi, kwa sababu kwenye barua yako nzima sikuona mahali linapojibiwa: mteja akirudisha bati mbili kati ya kumi kwa kuwa zina kutu, na deni lake alishalipa nusu, mama anaandika wapi?

Shangazi